Hölmö, Pöljä, Urpo: Mwongozo Kamili wa Maneno ya Kifini ya Kumwitia Mtu Mjinga

Mwaka wangu wa kwanza Ufini nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi moja nilimvalisha bibi mmoja soksi mbili zisizofanana. Akaitazama miguu yake, akanipapasa mkono, akasema: "Voi sinua, höpsö." Saa ya mapumziko nikafungua kamusi. Höpsö: mjinga, mpumbavu kidogo. Moyo ukaniuma hadi jioni. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba neno lile ndilo bibi wa Kifini humwambia mjukuu wake aliyevaa kofia kinyume, na kwamba siku ile nilikuwa nimepewa zawadi.

Kozi za lugha hazikufundishi haya. Zitakupa tyhmä katika orodha ya vivumishi, kati ya "mrefu" na "mchovu", kisha zitakuacha. Lakini ukiingia jikoni, ghalani, kwenye eneo la ujenzi au katika familia ya mkweo, utakuta Wafini wana maneno mengi mno ya mtu asiyefikiri, na kila moja lina uzito wake. Usipoujua uzito huo, utaumia pasipo na jeraha, au utamuumiza mtu ukidhani unatania. Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kutukana. Unakufundisha kusikia kwanza, kisha kusema kwa kipimo.

Hatua ya 1: Tengeneza mdomo

Maneno haya mengi yana sauti tatu tusizokuwa nazo, zinazoandikwa ä, ö na y. Kwa y, tamka "i" huku midomo umeikusanya kama unayetaka kusema "u". Kwa ö, tamka "e" kwa midomo ya "o". Kwa ä, tamka "a" huku ukiisukuma mbele mdomoni, midomo ikiwa wazi kama ya mtu anayetabasamu. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mliosoma Kifaransa mmeshavuka nusu ya safari: y ni ile "u" ya neno tu, na ö inakaribiana na "eu" ya peu.

Halafu mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Mfini anakaza ya kwanza siku zote. Neno tolvana, yaani bwege, kwa ulimi wetu linataka kuwa tol-VA-na. Wao husema TOL-va-na. Jirekodi kwa simu ujisikilize, maana kosa hili hatulisikii wenyewe.

Urefu wa sauti si mgeni kwetu. Anayejua tofauti ya kufa na kufaa ataelewa mara moja kwa nini uuno, neno jingine la bwege, huandikwa kwa u mbili. Kinachotusumbua zaidi ni konsonanti mbili: katika tollo, yaani zuzu, ulimi ukae kwenye l kitambo kidogo kabla ya kuachia. Katika tyhmä, ile h haimezwi, itamke kama unavyoitamka katika jina Rahma. Mwisho kabisa, j ya Kifini ni y yetu. Pöljä husomwa "pölyä".

Hapo niongeze jambo moja ambalo ni letu peke yetu. Utakutana na wanaume wengi wanaoitwa Juha. Ni jina la heshima, limetokana na Johannes, na hutamkwa "Yuha". Kwetu juha ni mpumbavu, neno lililotujia kutoka kwa Juha wa hadithi za Waarabu. Ukiwa na wenzako wa Kiswahili, msichekee jina la mtu mbele yake. Nimeona jambo hilo likivunja urafiki uliokuwa ndio unaanza.

Hatua ya 2: Shika maneno matatu ya msingi

Kabla ya lugha ya mtaani, simamisha nguzo tatu: tyhmä, typerä na hölmö.

Tyhmä ni mjinga wa akili, neno la wazi na kavu. Ukimwambia mtu usoni "olet tyhmä" umemtukana, ingawa watoto hulitumia kutwa nzima. Typerä huelekea zaidi kwenye tendo: uamuzi wa kipumbavu, kicheko cha kipumbavu, sheria ya kipumbavu. Hölmö ndilo jepesi kuliko yote matatu. Hölmö anaweza kuwa mtu mwema tu aliyesahau mwavuli siku ya mvua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa Kiswahili kinatutega. Kwetu "mjinga" ana maana mbili: asiyefikiri, na asiyejua. Tanzania ilipotangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, ujinga ule ulikuwa kutojua kusoma na kuandika, wala hakuna aliyetukanwa. Mtu anaweza kusema kwa unyenyekevu, "Mimi katika mambo ya umeme ni mjinga." Ukiihamisha sentensi hiyo kwa Kifini ukasema "olen tyhmä", Mfini atashtuka na pengine atakuonea huruma. Kifini kinatenganisha. Asiyejua ni tietämätön, na wewe mwenyewe sema tu en tiedä (sijui), en osaa (siwezi, sina ujuzi huo) au en ymmärrä (sielewi). Hakuna aibu ndani yake. Wafini wenyewe wana methali: Ei kysyvä tieltä eksy, anayeuliza hapotei njia.

Kuna pahali pamoja tu ambapo tyhmä hukusaidia kila siku: "Anteeksi tyhmä kysymys, mutta…", samahani kwa swali la kijinga, lakini… Lijifunze kwa moyo. Kazini limenifungulia milango mingi kuliko cheti changu cha lugha.

Hatua ya 3: Vaa mavazi ya lugha ya kusemwa

Kifini kina nyuso mbili: kirjakieli, lugha ya maandishi, na puhekieli, lugha ya mazungumzo. Maneno ya mtaani hayakai vizuri katika sentensi ya kitabuni, yanasikika kama kanzu juu ya kaptula. Minä olen inakuwa mä oon. Sinä olet inakuwa sä oot. Na hän on, yaani "yeye ni", inakuwa se on. Hiyo se katika sarufi ya vitabu ni ya vitu na wanyama, lakini kwenye mazungumzo humhusu kila mtu, hata mama mzazi. Ukisikia mwenzako anasema "se on kiva" juu yako, anasema wewe ni mtu mzuri, hakukugeuza kitu.

Shika mifumo minne tu ya sentensi, kisha uchomeke neno lolote ndani yake.

Mä oon ihan pöljä. Mimi ni zuzu kabisa.
Voi sua hölmöä! Ama wewe, mjinga wee! Baada ya voi sua neno hubadilika mwisho: hölmö huwa hölmöä, pöljä huwa pöljää.
Senkin torvi! Bwege wewe! Senkin ni kifunguo cha tusi: likitangulia, ujue linalofuata si sifa. Kwa marafiki huwa utani, kwa mgeni huwa ugomvi.
Mikä urpo! Mpumbavu gani huyu! Hii husemwa juu ya mtu asiyesikia, kwa mfano dereva aliyekukatia njia.

Hatua ya 4: Anza na wewe mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na kama utasahau mengine usiisahau hii. Kwa miezi mitatu ya kwanza, mtu pekee utakayemwita mjinga kwa Kifini ni wewe. Umesahau funguo: "Mä oon kyllä yks tollo." Umebonyeza kitufe kibaya: "Olinpa mä tyhmä!" Umekosea hesabu: "Mä mokasin", nimeboronga, kutoka neno moka, kosa la aibu.

Faida zake ni mbili. Kwanza, huwezi kumkosea mtu. Pili, utapimiwa uzito wa neno bure: angalia sura ya anayekusikia. Akicheka na kusema "no ei se mitään", si kitu, neno lako lilikuwa jepesi. Akiharakisha kukukanusha kwa uso mzito, umetumia neno zito mno. Mimi nilijifunza hivyo kwamba idiootti si la kujiitia mbele ya mkubwa wa kazi, alidhani nina msongo wa mawazo akaniweka kitako tuzungumze.

Hatua ya 5: Panga maneno kwa uzito

Chukua daftari, ligawe kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza ni wa maneno ya mapenzi. Höpsö na hupsu humwendea mtoto, mpenzi, au mtu mzima unayemhurumia kwa upendo. Hassu maana yake ni "wa kuchekesha". Höppänä ni mzee aliyeanza kuchanganya mambo. Wanalisema kwa upole, lakini mwachie mzee alisemee mwenyewe au wanawe walisemee, wewe mhudumu usiliguse.

Ukurasa wa pili ni wa utani wa marafiki: hölmö, pöljä, pöhkö, tollo, torvi, tomppeli, tolvana. Haya ni ya watu mliokwisha kula pamoja. Pöljä lina harufu ya Savo, mashariki ya nchi, na kaskazini ya Kuopio, katika wilaya ya Siilinjärvi, kuna kijiji kinachoitwa hivyohivyo, Pöljä. Watu wanaishi hapo na kuandika anwani zao bila tatizo. Kwa sikio langu, hili ndilo neno bora kwa mgeni kuanza nalo pindi anapopata rafiki wa kweli. Lina joto, na lina ladha ya kijijini inayowafanya Wafini watabasamu mgeni akilitamka sawasawa.

Ukurasa wa tatu ni wa ukali: ääliö, idiootti, urpo, tampio, mäntti. Mäntti tena si mjinga tu, ni mtu mwenye tabia mbovu. Na juntti ni mshamba, asiye na ustaarabu, ambalo nalo huuma, hasa likisemwa na mtu wa Helsinki kwa mtu wa shamba. Ukurasa huu uusome ili uelewe unachosikia kwenye basi na uwanjani.

Usidhani kurasa zina kuta. Sauti hubeba neno kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Urpo kati ya vijana wawili waliokua pamoja ni salamu, na höpsö kutoka kwa mkubwa wa kazi kwenda kwa mfanyakazi mwanamke ni dharau iliyovishwa hariri. Swali la kujiuliza daima ni: nani anamwambia nani, na wa pili anaweza kumrudishia?

Hatua ya 6: Jua maneno yalikotoka, yatakaa kichwani

Orodha haikai, hadithi hukaa. Misitu imefunika takriban robo tatu ya ardhi ya Ufini, basi si ajabu kwamba kichwa kisichofikiri huko ni mti. Pölkky ni gogo, pää ni kichwa: pölkkypää, kichwa gogo. Puupää ni kichwa mti. Pökkelö ni kisiki cha mbetula kilichooza, na pia mtu mzito asiyechangamka. Ukishaijua -pää, utafungua mengine peke yako: lampaanpää ni kichwa cha kondoo, jääräpää ni mbishi asiyesikia, kwetu kichwa ngumu. Sisi tuna kichwa maji na kichwa cha panzi, kwa hiyo mpango wa maneno haya hauna ugeni wowote.

Vyombo navyo vimo. Torvi ni tarumbeta, kitu kitupu ndani. Pönttö ni kisanduku kama kile wanachotundikia ndege mtini watage. Nuija ni rungu au nyundo ya mbao. Wote hao ni mabwege.

Kisha yapo majina ya watu. Urpo na Uuno ni majina halali ya wanaume. Uuno Kailas alikuwa mshairi mkubwa, Uuno Klami mtunzi wa muziki. Lakini leo uuno kwa herufi ndogo ni bwege, na tangu 1973, Vesa-Matti Loiri alipoanza kumwigiza Uuno Turhapuro katika filamu, kila Mfini akisikia jina hilo huona mwanamume mvivu mwenye fulana iliyotoboka. Njia hiyo ndiyo aliyopita Juha wetu: mtu wa hadithi akawa neno.

Na ukitaka hölmö likae kichwani, nenda Hölmölä, nchi ya wajinga katika ngano zao, iliyopewa jina kutokana na neno hilo. Watu wa huko walijenga nyumba bila madirisha, kisha wakawa wanateka mwanga wa jua kwa magunia nje na kuumwaga ndani. Blanketi lao lilikuwa fupi miguuni, wakakata kipande upande wa kichwani wakakishona miguuni. Usidhani ni hadithi ya watoto tu. Mwanasiasa akitoa fedha mfuko huu kuziba mfuko ule, wapinzani humwambia anarefusha hölmöläisten peitto, blanketi la wana-Hölmölä, na nchi nzima inaelewa.

Vitenzi navyo ni vya lazima kwa sababu vinakosoa tendo bila kumgusa mtu: hölmöillä, kufanya ujinga, pelleillä, kuleta mzaha (kutoka pelle, chale wa sarakasi), tunaroida, kuboronga kazi. "Älä pelleile" maana yake ni acha mzaha. Mzazi au msimamizi mwenye busara atatumia kitenzi pale mwingine angetumia jina.

Hatua ya 7: Jifunze kusema kwa mzunguko

Wafini wanasifika kwa kunyoosha maneno, lakini kwa jambo hili wana mafumbo matamu. Ei ole kaikki kotona: si wote waliopo nyumbani, yaani kichwani kuna pengo. Anayejua neno letu hamnazo ameshaelewa: hazimo. Wana pia toleo la Muumi, wale viumbe wa hadithi za mwandishi Tove Jansson: ei ole kaikki muumit laaksossa, si Muumi wote walio bondeni. Ei mikään ruudinkeksijä: siye aliyevumbua baruti. Ei ole penaalin terävin kynä: siyo penseli kali kuliko zote kibwetani. Tyhmä kuin saapas: mjinga kama buti.

Kuna fumbo jingine la mtumbwi na Wahindi Wekundu ambalo wazee bado wanalitumia. Liache, neno lililomo linawadhalilisha watu wa asili wa Amerika, na vijana wengi wameshaliacha.

Methali mbili za kuhifadhi. Tyhmästä päästä kärsii koko ruumis: kichwa kikiwa kijinga, mwili mzima huteseka. Wanaisema wakitembea kilomita tatu kurudia pochi waliyoisahau. Na joukossa tyhmyys tiivistyy: ujinga hukolea watu wakiwa kundi.

Hatua ya 8: Maneno ya kutogusa kabisa

Utasikia vijana wakisema kehari, vajakki na mengine ya namna hiyo. Yametokana na maneno ya ulemavu wa akili: kehari limefupishwa kutoka kehitysvammainen, vajakki limetoka vajaamielinen. Ni sawa na sisi kumwita mtu taahira. Kila yanaposemwa, kuna familia yenye mtoto mwenye ulemavu inayoyasikia. Yajue ukiyasikia, yasitoke kinywani mwako, na mwanao akirudi nayo kutoka shuleni mketishe umweleze yalikotoka.

Hatua ya 9: Sikiliza, andika, hakiki

Kila siku dakika kumi na tano zinatosha. Sikiliza tamthilia au kipindi cha mazungumzo kwenye Yle Areena, huduma ya mtandaoni ya shirika la utangazaji la Ufini, ukiwasha maandishi ya Kifini chini. Habari za selkosuomi, Kifini chepesi, ni nzuri kwa mambo mengine lakini humo hutasikia tollo. Ukikutana na neno, andika sentensi nzima, nani alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini.

Kisha lihakiki kwenye Kielitoimiston sanakirja, kamusi ya bure mtandaoni ya taasisi ya lugha, Kotus. Tazama vifupisho vyake: ark. ni la mazungumzo ya kawaida, leik. la utani, halv. la kudhalilisha, murt. la lahaja. Ukiona halv., neno liende ukurasa wa tatu bila mjadala. Urbaani sanakirja, inayoandikwa na yeyote apendaye, itumie kwa maneno mapya ya vijana, lakini usiiamini kuhusu uzito. Kwa uzito, muulize mtu: "Onks toi paha sana?" Je, hilo ni neno baya? Wafini hulipenda swali hili, watasimama kukueleza hadi kahawa ipoe.

Hatua ya 10: Neno likija kwako

Likija kwa upendo, lipokee. "No niin oon", ndivyo nilivyo, na tabasamu, yatosha. Kama hujui limekuja kwa nia gani, uliza kwa utulivu: "Mitä sä tarkoitat?", una maana gani? Mwenye nia njema ataeleza papo hapo, mwenye nia mbaya ataanza kubabaika.

Likija kwa dharau, sema mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Älä puhu mulle noin." Usiseme nami hivyo. Sentensi hiyo ifanyie mazoezi nyumbani, mbele ya kioo, kabla hujaihitaji, kwa sababu siku ya hasira lugha ya pili hukimbia. Na ikiwa kazini inajirudia, andika tarehe, maneno yenyewe, na aliyekuwepo. Sheria ya usalama kazini ya 2002, työturvallisuuslaki, inamtaka mwajiri achukue hatua akishajua kwamba mfanyakazi anatendewa vibaya kiasi cha kuhatarisha afya yake, kwa hiyo mwajulishe kwa maandishi. Mwone työsuojeluvaltuutettu, mwakilishi wa wafanyakazi wa usalama kazini, au luottamusmies, mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi. Kumvunjia mtu heshima, kunnianloukkaus, ni kosa katika sura ya 24 ya sheria ya jinai, na sheria hiyo inakulinda wewe kama inavyomlinda mwenyeji. Ndiyo maana pia ukurasa wa tatu nimekuambia uusome tu.

Yule bibi wa soksi alinifundisha mengine mengi kabla sijahama kituo kile. Siku ya kuagana nilimsahaulishia miwani yake mezani, nikarudi mbio kumpelekea, nikamwambia mimi mwenyewe: "Mä oon ihan höpsö." Akanishika mkono vilevile, akanirekebisha ö yangu, tukairudia pamoja mara tatu.